Kiti cha Kushoto

Gari la Rémy lilikuja Bunia kutoka Uganda, likapitia Mahagi, likafika mtaa wa Saio limevaa vumbi lote la njia, na usukani wake ulikuwa kulia. Katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia, usukani wa kulia ni balaa ya peke yake. Ukikwama nyuma ya lori la mbao, dereva haoni kitu ila mbao. Anayeona njia ni yule aliyeketi kushoto, upande wa katikati ya barabara. Ndiye wa kuchungulia, ndiye wa kusema "ngoja" au "pita", na akikosea, wote mliomo mtafika mbinguni kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana kiti hicho hapewi mtu hivi hivi.

Lilikuwa gari la familia, la mazutu, yaani dizeli, lenye mgongo mrefu na milango mitano, minne myeupe na mmoja wa kijani. Asubuhi za baridi lilikohoa, likatema moshi mweusi, na majirani wakafunga madirisha yao kwa hasira. Likishawaka, lakini, halikuwa na uvivu, na halikuwa na uroho wa mazutu. Pétronille, mke wa Rémy, alilipenda kuliko alivyosema. Marehemu baba yake alikuwa na kinu cha mahindi huko Mahagi, kinu cha mazutu, na yeye alikua akilala na kuamka kwa mngurumo ule ule. Rémy alijua kuliendesha. Pétronille alijua lilivyokula na lilivyopumua ndani ya tumbo lake, ila hakuna aliyewahi kumwuliza.

Aliyelipenda waziwazi ni Mama Charlotte, mama yake Pétronille, aliyehamia Saio baada ya kinu kufungwa. Siku gari lilipofika alilizunguka polepole, akalipapasa kuanzia taa hadi taa, kisha akafungua mlango wa mbele akaketi kushoto.

"Fasi yangu njo hii," akasema.

Rémy alitokwa jasho. Kwao mwanamume hali mbele ya mama mkwe, hamgusi hata upindo wa kitenge, na wakikutana kwenye njia nyembamba anaingia majanini mpaka mama apite. Na haya hizo si za mkwe mwenyewe tu, ni za kaka zake na baba zake wadogo, wanaume wote wa ukoo. Sasa aketi naye bega kwa bega kwenye chuma kilichofungwa milango? Ikabidi atoe mbuzi wa kuondoa haya. Mbuzi akatolewa mbele ya watu, wanawake wakamla, na tangu siku hiyo Rémy akaruhusiwa kukaa garini na mama mkwe wake, mti wa gia ukiwa mpaka kati yao.

Mama Charlotte alikuwa jicho la gari lile kwa miezi mingi. "Ngoja," alisema, na Rémy alingoja. "Pita," alisema, na Rémy alipita. Sauti yake ilikuwa na uhakika wa padri anayesoma matangazo, na hakuna aliyegundua kwamba alikuwa akisikiliza tu. Alitega sikio dirishani, asiposikia mngurumo mbele, akasema pita.

Mpaka siku waliyorudi kutoka Kasenyi, ziwani, na samaki walionunuliwa na Pétronille. Mbele yao lori, vumbi limesimama ukuta. Mama Charlotte akatega sikio. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma.

"Pita!"

Rémy akatoka upande. Mbele yake, karibu kabisa, kulikuwa na gari kubwa la ng'ombe, na ng'ombe hao walikuwa wakimtazama. Akavuta usukani, wakaingia shamba la mihogo, samaki wakamwagika hadi mabegani mwa Pétronille aliyekuwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Injini ikaendelea kunguruma katikati ya mihogo.

"Ile gari ilitokea wapi?" Mama Charlotte akauliza.

Jioni hiyo Pétronille alisimama mlangoni akamwonyesha vidole, vingapi hivi, mama? Mama akamwambia kwamba yeye si mtoto wa masomo ya kwanza, aende akapike. Lakini hakutaja idadi ya vidole, na Pétronille akaenda nyuma ya jiko akalia, maana alielewa kwamba mama yake alikuwa akiishi gizani katikati yao, anacheka nao, anawagombeza, na wao wanapita tu.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba ugonjwa huo unatibika. Waganga wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya Nyankunde kwa muda. Mama Charlotte akaandikiwa Jumamosi, jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya wiki mbili. Atakayekosa zamu yake angoje mwaka mwingine, waganga wakirudi, kama watarudi. Na baada ya kupasuliwa, wakasema, mgonjwa asipande pikipiki kabisa, vumbi na mtikisiko vingeharibu kazi yote.

"Tuko na gari," Rémy akajibu kwa maringo.

Gari walikuwa nalo, kweli. Walikuwa na Hervé pia.

Hervé alikuwa kaka mkubwa wa Rémy, yaya wake, mwenye kitambi, mwenye kicheko, mwenye nyumba yenye geti pale mtaa wa Lumumba. Ndiye aliyemsomesha Rémy baba yao alipofariki, na tangu hapo Rémy hakuwahi kumwambia "hapana" ikakamilika. Ilianza "ha", ikafia kooni. Jumanne Hervé alifika, akaketi, akanywa chai vikombe viwili, akasema mwanawe Fiacre anapeleka doti, mahari yake, Jumamosi.

"Batu ya muke yake ni batu bakubwa. Tukifika na moto, pikipiki tupu, watatucheka. Nataka gari yako, Rémy. Tutaipamba na malinda, utepe na maua, itaongoza wengine."

"Yaya, Jumamosi..." Rémy akashika kijiko. "Jumamosi tunapeleka bokilo, mama ya Pétronille, Nyankunde, juu ya macho yake."

Hervé akatikisa kichwa kwa huruma nyingi.

"Macho ya bokilo haitakimbia. Iko pale pale mu kichwa yake. Muke ya Fiacre njo anaweza kimbia."

Akacheka, akampiga Rémy begani. Pétronille, aliyekuwa jikoni akitwanga majani ya mihogo ya sombe, akatwanga kwa nguvu zaidi. Akangoja kusikia mume wake atasema nini. Alisikia kijiko kikikoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Sawa, yaya," Rémy akasema.

Mke mwingine angevunja sahani. Pétronille alikuwa na hasira ya kutosha kuvunja sahani za mtaa mzima, lakini alimjua mume wake. Mbele ya Hervé, Rémy alirudi kuwa mtoto wa miaka kumi aliyevaa viatu vya kuazima. Kumgombeza kungemfanya alie, na gari lingekwenda vilevile. Kwa hiyo alinyamaza, akawapa ugali na sombe, na usiku alilala vizuri kabisa.

Jumatano alasiri, Rémy akiwa dukani kwake anauza rangi na misumari, Pétronille akafungua kapo, kifuniko cha injini ya gari. Injini ya mazutu, baba yake alikuwa akimwambia, haizimwi, inanyimwa chakula. Kwenye pampu ya mazutu kuna kichwa kidogo cha chuma, na kwenye kichwa hicho waya mmoja mwembamba, mwembamba mno kwa kazi yake. Waya huo ukiwa mahali pake, mazutu yanapita. Ukitolewa, mlango umefungwa, na hata uzungushe ufunguo hadi betri ilie, haliwaki. Pétronille akauchomoa, akaificha ncha yake chini ya bomba la maji la injini, akafunga kapo taratibu.

"Umefungua nini?" Mama Charlotte akauliza kutoka barazani, alikokaa akichambua maharage kwa vidole.

"Naangalia mafuta, mama."

"Mafuta haisemi *tik*." Mama akaendelea na maharage yake. "Marehemu baba yako alifanya vile siku batu ya bakora walikuja kumunyanganya unga. Kinu ikakataa wiki muzima."

Pétronille akaja akaketi karibu naye. Wakachambua maharage wote wawili, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Alhamisi Rémy akataka kulipeleka gari kuoshwa. Akazungusha ufunguo. Krr-krr-krr. Akazungusha tena. Krr-krr. Akapiga usukani kwa kiganja, akalibembeleza, akaliita mpenzi. Gari likakaa gumu.

"Ni baridi," Pétronille akasema.

"Iko saa sita, jua inawaka!"

"Basi ni joto."

Rémy akampigia kaka yake simu, na sauti yake, Pétronille alisikia wazi, haikuwa ya mtu mwenye huzuni. Lakini Hervé hakuwa mtu wa kushindwa na simu. Jioni akafika na fundi wake, Liévin, kijana mwembamba mwenye suruali iliyokuwa nyeusi kwa mafuta. Liévin alifungua chujio la mazutu, akamwaga, akatikisa, akanusa. Akapiga ile pampu ya mkono kutoa hewa. Akachunguza buji za kupashia moto, moja moja. Kila alipomaliza jambo, Hervé alisema "jaribu!" na Rémy alijaribu, na gari lilisema krr-krr. Mwishowe mkono wa Liévin ukashuka kwenye pampu, ukasimama. Akainua bomba la maji kidogo. Akaona ncha ya waya.

Akainua macho. Pétronille alikuwa amesimama upande wa pili wa kapo na sahani, samaki wawili wa Kasenyi wakubwa waliokaangwa, na chikwange, mkate wa mihogo, pembeni. Hakukonyeza. Hakutikisa kichwa. Alisema tu, kwa upole wa mama mwenye nyumba:

"Liévin, mutoto wangu, kula kwanza. Mama yangu anaenda Nyankunde Jumamosi, iko kipofu. Ukimaliza utaniambia gari iko na shida gani."

Liévin alitazama samaki. Alitazama barazani, ambako Mama Charlotte alikuwa akipapasa ukuta akitafuta fimbo yake. Akairudisha chini ile ncha ya waya, mahali alipoikuta, akapangusa mikono.

"Ni pampu," akamwambia Hervé. "Imekufa ndani. Kitu yake inatoka Kampala."

"Kampala! Jumamosi ni kesho kutwa!"

"Ndiyo, patron. Njo maana nasema imekufa."

Na akala samaki wote wawili mpaka mfupa.

Mtu mwingine angekubali. Pétronille alikubali kwa niaba ya Hervé, akalala akiota barabara ya Nyankunde. Hakumjua vizuri shemeji yake. Ijumaa saa za asubuhi Hervé akarudi na wanaume tele, wajomba, vijana wa kwaya, na jirani mmoja aliyekuwa anapita tu. Gari la mazutu, akasema, ukilisukuma kwa bidii litaamka, alishaona. Rémy akaingia kwenye usukani. Wakasukuma. Barabara ya mbele ya nyumba inateremka, gari likashika kasi, Rémy akatia gia, gari likaruka, likatikisika, likakataa. Wakasukuma tena huku wanaimba. Vijana wa kwaya wakaongeza sauti ya pili. Likakataa. Wanawake wakatoka majumbani kuangalia, watoto wakakimbia nyuma, na kila mteremko ulipokwisha wakasema mmoja tu, mmoja wa mwisho.

Mwisho wa mteremko wa mwisho walitazama nyuma, wakaona Saio iko juu sana. Wakatazama mbele, wakaona Lumumba iko karibu. Hakuna mtu mwenye akili anayesukuma gari kupanda mlima. Wakalisukuma mpaka kwenye geti la Hervé, wakaliingiza ndani, wakafunga.

"Hata isipotembea," Hervé akasema akijifuta jasho, "tutaipamba, Fiacre atapiga foto mbele yake. Kesho asubuhi tutajaribu tena. Tuko na batu mingi."

Rémy alirudi nyumbani kwa miguu. Pétronille alipojua gari liko wapi, alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Alikuwa amelikata gari miguu ili wasilichukue, nao wamelibeba. Akikimbilia Lumumba kurudisha waya, watalitumia kwa doti. Asiporudisha, litapambwa malinda na kukaa kama sanamu. Kwa njia zote mbili mama yake anabaki gizani mwaka mzima mwingine, na kosa ni lake. Alimwambia mama yake hivyo, hakuficha.

Mama Charlotte alisikiliza hadi mwisho.

"Rémy alitoa mbuzi ya haya," akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini mbuzi..."

"Hervé alitoa?"

Pétronille akamtazama. Polepole, akaanza kutabasamu.

"Hapana, mama. Hervé hakutoa."

"Basi unipashie maji. Kesho naamuka mapema, navaa kile kitenge ya ndege."

Jumamosi jua lilipotoka, geti la Hervé lilikuwa wazi na ua umejaa watu wa doti, mashati mapya, viatu vinavyouma. Mbuzi wa doti walikuwa wamefungwa kwenye mti wa parachichi wakila majani. Katikati ya ua, gari lilikuwa limepambwa, utepe mweupe na wa waridi kuanzia kapo hadi kofre, buti la nyuma, maua ya plastiki kwenye vioo, puto limefungwa kwenye mlango wa kijani, wa mbele kushoto. Jeanine, mke wa Hervé, alikuwa anafunga utepe wa mwisho.

Mama Charlotte aliingia ameshikwa mkono na bintiye, kitenge cha ndege kimepigwa pasi, Rémy nyuma amebeba kifurushi cha nguo na ndoo ndogo ya chakula. Wanaume wa ukoo walipoona mama mkwe ameingia, wakafanya kama wanavyofanya siku zote. Wakageuza nyuso. Wakarudi nyuma. Hervé mwenyewe, aliyekuwa amesimama mbele ya gari akitoa amri, akajikuta anarudi nyuma hadi akaegemea mbuzi.

Njia ikawa nyeupe. Mama Charlotte akatembea moja kwa moja hadi garini, akapapasa mlango, akafungua, akaketi kiti cha kushoto. Akaufunga mlango. Puto likapasuka.

"Bokilo," Hervé akasema, akiutazama mti wa parachichi, "tunakusalimia sana. Sasa, bokilo, gari hii iko ya doti leo."

"Nakusalimia, Hervé. Gari iko ya mukwe wangu. Naketi mu gari ya mukwe wangu."

"Lakini haitembei, bokilo! Pampu yake imekufa!"

"Basi ikiwa haitembei, nakusumbua na nini nikiketi?"

Hapo vijana wa kwaya walicheka, wakakaziwa macho, wakanyamaza. Pétronille akafungua kapo. Mama yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, anataka kulibariki gari lililomkubali siku zote, na kapo lazima liwe wazi ili baraka ifike kwenye pampu. Kapo lilipoinuka lilimficha kabisa. Akaingiza mkono chini ya bomba la maji. Waya ukateleza mara ya kwanza, mara ya pili ukaingia. *Tik.* Ndani ya gari Mama Charlotte aliusikia, akaanza kusali kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Mukwe wangu," akamaliza, "jaribu."

Rémy akatupa kifurushi nyuma, akaingia kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likatingishika, likanguruma, likatema moshi mweusi mzito juu ya mashati yote mapya yaliyosimama nyuma yake. Ua mzima ukapiga kelele. Mjomba mmoja akapiga magoti. Vijana wa kwaya wakaanza wimbo wa shukrani bila kuulizwa.

"Imepona!" Hervé akapiga makofi, macho yakimtoka kwa furaha. "Bokilo, aksanti, aksanti sana! Vijana, wekeni mbuzi kofre! Wajomba, ingieni!"

Hakuna aliyeingia. Wajomba walitazama gari, wakatazama kichwa cheupe cha mama mkwe kwenye kiti cha mbele, wakatazama viatu vyao.

"Ingieni!" Hervé akarudia.

"Anza weye," mjomba mmoja akasema.

Hervé akapiga hatua mbili, akasimama. Kitambi chake kilifika mlangoni, mwenyewe hakufika.

"Karibu, Hervé," Mama Charlotte akasema akitazama mbele. "Nyuma kuko nafasi. Mukwe wangu alitoa mbuzi ya haya, njo maana anaketi na mimi. Weye mbuzi yako iko wapi?"

Hervé akageuka, akatazama mbuzi wa doti pale mtini. Watu wote waliona anachowaza. Fiacre, mwanawe, aliyekuwa kimya siku zote hizo kama bwana arusi mwenye adabu, akaruka.

"Papa! Hapana! Wakikosa mbuzi moja tu hawatanipatia Gracieuse!"

Shangazi wawili wakaenda kusimama mbele ya mbuzi, mikono kiunoni. Jeanine, mke wa Hervé, alikuwa amekaa chini kando ya jiko, machozi yanamtoka kwa kicheko, hawezi hata kunyanyuka. Hervé akageuza macho kwa mdogo wake, mara ya mwisho, jicho lile alilolitumia tangu utoto.

"Rémy. Mwambie bokilo ashuke."

Rémy akashika usukani kwa mikono miwili. Pétronille alikuwa ameshafunga kapo na kuingia nyuma. Hakumsukuma. Hakutaka kumsukuma, alitaka aseme mwenyewe, na aliomba Mungu kimoyomoyo aseme.

"Ha," Rémy akasema. Akavuta pumzi. "Hapana, yaya. Tunachelewa."

Akaachia klachi. Gari likatoka getini na malinda yake yote.

Doti ilikwenda kwa pikipiki, na mbuzi walikwenda kwenye kamioneti ya mizigo ya jirani yule aliyekuwa anapita tu, ambaye ilijulikana sasa kwamba alikuwa na kamioneti siku zote. Walipokelewa vizuri. Hakuna aliyewacheka, isipokuwa kwa moshi mashatini.

Njia nzima watu walilipigia gari lile vigelegele. Kwenye kizuizi, askari akalizunguka, akaupapasa utepe wa waridi, akaingiza kichwa dirishani.

"Bibi arusi iko wapi?"

"Njo mimi," Mama Charlotte akasema. "Fungua njia, naenda kumuona bwana yangu."

Wakafunguliwa.

Jicho la kulia lilipasuliwa siku ile ile. Walibaki Nyankunde hadi Jumatatu, na bandeji ilipotolewa Mama Charlotte aliinuka taratibu. Alikaa kitandani anatazama mikono yake, anaigeuza, kisha akatazama uso wa Pétronille muda mrefu hadi Pétronille akaona haya.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Hakuna mutu aliniambia umechoka hivi."

Wakati wa kurudi aliketi kushoto, miwani myeusi usoni, kitambaa kichwani kuzuia vumbi, dirisha limefungwa. Hakutoa amri yoyote. Wala Rémy hakumwuliza, na kila mmoja alijua kwa nini. Mbele ya kijiji cha Marabo wakalikuta lori la mbao, zito, linakwenda kwa mwendo wa miguu, na wakakaa nyuma yake wakila moshi. Rémy akanyoosha shingo kulia, akanyoosha kushoto, akaona mbao. Pétronille akaanza kujisogeza mbele ili achungulie yeye.

"Ngoja," Mama Charlotte akasema.

Rémy akakaza mikono.

"Kuko moto inakuja. Imebeba godoro. Nyuma ya godoro kuko mwanamuke na mwavuli nyekundu." Pikipiki ikapita, godoro, mwanamke, mwavuli mwekundu. "Ngoja. Kuko mbuzi. Amevuka." Akasogea dirishani. "Sasa iko wazi. Pita."

Rémy akatazama kioo, akakutana na macho ya mke wake. Wote wawili walikuwa wanakumbuka ng'ombe.

"Pita, mukwe wangu," mama akasema kwa upole. "Naona mupaka kule mbele, ku muti."

Rémy akapita. Barabara ilikuwa tupu, yote, hadi kwenye mti. Pétronille akalia kwa sauti bila kujifunika uso, akalia kwa furaha na kwa hofu ya siku zile zote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama yake alikuwa na kazi, alikuwa anaangalia njia.

Walipoingia Saio, Mama Charlotte akainuka kidogo kitini.

"Kuko mutu anasimama ku mulango yetu."

Rémy hakuona mtu. Pétronille hakuona mtu.

"Iko na shati ya njano. Tumbo inatangulia. Ni Hervé." Akachungulia vizuri zaidi. "Anacheka sana. Naona hata meno. Mutu anacheka vile, anataka gari ya arusi ya kanisa. Jicho yangu ya kushoto ni lini?"

"Wiki mbili, mama."

"Aa." Mama Charlotte akaegemea kiti, akakunja mikono juu ya ndege wa kitenge chake. "Basi, Pétronille, kile kawaya. Utatoa hapa, ao tufike kwanza?"

Pétronille akaganda. Akatazama kisogo cha mume wake, ambacho hakikuwahi kuambiwa habari ya waya wowote.

Rémy akapunguza mwendo, akakunja kona kabla ya nyumba, akasimamisha gari nyuma ya ukuta wa jirani ambapo Hervé hangeweza kuwaona. Akavuta kile kishikio cha kapo.

"Fanya haraka," akasema. "Na safari hii ukimaliza, pangusa vidole. Jumatano ile ulinipakulia chakula, sahani yote ilinuka mazutu."